Vivyo Hivyo, Haramu

Zima hiyo televisheni, Craig, na wewe Lorna acha kuninyoosha mto, mto umenyooka kunishinda mimi, njooni mkae hapa karibu wote wawili, maana sauti yangu siku hizi ikifika mwisho wa kitanda inakaa chini kupumzika. Daktari jana aliwaambia kule jikoni alichowaambia, mkadhani sijasikia. Wanangu, nimeishi ndani ya vyumba vya injini za meli, kazi yangu ikiwa kusikia bomba moja linalovuja nyuma ya kelele zote za dunia, na mlidhani mlango wa jikoni ungenizuia? Nimesikia. Nina siku, sina wiki. Basi nina la kusema, nalo ni moja tu, ingawa nitalizunguka, kwa sababu sijawahi kusema jambo bila kulizunguka. Mama yenu alikuwa akisema hata posa yangu ilipitia Valparaiso kwanza ndipo ikafika kwao.

Mali haitatuchukua muda. Nyumba iuzwe mgawane nusu kwa nusu, na msigombanie pazia. Vifaa vyangu vya ufundi ni vya Craig, asiyejua kuvitumia hata kimoja lakini anapenda kuvipanga, nami nimeridhika, kila chombo kinahitaji mtu wa kukifuta vumbi. Saa ya ukutani ni ya Lorna, kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo huu aliyewahi kufika mahali kwa wakati. Koti langu la baharini mpeni mtu yeyote mwenye tumbo. Viatu vyangu vichomeni moto, ni kwa usalama wa watu.

Linalobaki ni kaburi, na hilo ndilo lililonifanya niwaite.

Mnalijua lile kaburi la kilimani, alilolinunua Josiah, baba wa babu yangu, likachimbwa kwenda chini kama kisima, na humo wamelala akina Staniforth wetu wakipandana kama vitanda vya mabaharia: Josiah mwenyewe chini kabisa, juu yake mkewe Keziah, halafu mwana wao mdogo Amos aliyetangulia wenzake, halafu Enoch kaka yake, ambaye ndiye babu yangu mimi, na baba yangu juu yake. Imebaki nafasi moja. Cheti cha kaburi kiko kwangu, na ninyi wote mmeshaamua, bila kuniuliza, kwamba nafasi ile ni yangu. Ahsanteni. Siitaki. Naitaka iwe ya dada yangu Beryl.

Usishike mlango, Lorna. Kaa. Najua jina hilo halijatamkwa ndani ya nyumba hii tangu miaka sita iliyopita. Kaa nikueleze, halafu ukitaka kuubamiza mlango utaubamiza vizuri zaidi ukiwa na sababu.

Beryl ni mjukuu wa Amos kama mimi nilivyo mjukuu wa Enoch. Amos alipokufa kijana, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu, Enoch alimchukua akamlea pamoja na wanawe, na mtoto huyo ndiye baba yake Beryl. Ninyi mlipokuwa wadogo na mimi niko baharini, ni shangazi yenu Beryl aliyewapeleka kukata nywele. Ni yeye aliyekufundisha wewe Lorna baiskeli kwenye lile teremko ambalo mtu mwenye akili asingemfundishia mbuzi. Alipougua mama yenu nilikuwa Santos, meli imeharibika, na Beryl alilala kwenye kile kiti pale hadi nilipofika, wala hajawahi kunikumbusha. Keki ya Krismasi ilifika hapa kila mwaka, ngumu kama tofali, nasi tuliila.

Kisha wewe Lorna uliachana na yule mwalimu wa kuogelea, ukahitaji watu wengine wa kuishi nao, ukaenda kuwatafuta kwenye sensa za zamani. Sikucheka. Nilizipenda zile simu zako. Ungepiga jioni, hata salamu hujatoa, unasema, baba, leo nimempata mgonga madirisha, alilipwa kuamsha watu kwa fimbo ndefu alfajiri, nami nakuuliza, na yeye nani alimwamsha? Siku nyingine umempata bibi mmoja wa ukoo wa mama yako aliyekuwa mwokota mavi ya mbwa, akiyauza kwa watengeneza ngozi, ukaona haya kwa niaba yake, nikakwambia usione haya, sasa najua hii pua yangu isiyoshtuka nimeipata wapi, ukanijibu kwamba huyo si wa damu yako, baba, ni wa mama, na pua yako ni ya kwako peke yako. Tulicheka sana. Nilijua unajiponya na wale wafu, na wafu ni watu wapole kwa mtu aliyeachwa.

Ila kazi zile za kale zina tabia moja mbaya, wanangu. Zinavaa maneno ambayo sisi bado tunayo midomoni lakini tunayatumia kwa mambo mengine. Mtu unasoma neno unalijua, unadhani na kazi umeijua.

Ndipo ukapata ukurasa wa Josiah, sensa ya mwaka 1881, nyumba ile ya uani kule bondeni. Josiah, mkata tupa, mchonga meno ya tupa za chuma kwa nyundo na tindo. Keziah mkewe, mahali pa kazi pamekaa patupu. Enoch mwanawe, mkata tupa. Na mstari unaofuata, Amos, miaka kumi na saba, karani akachoka kurudia, akaandika: vivyo hivyo, haramu.

Ulinipigia siku hiyo kwa sauti ya chini. Ukasema, baba, Amos hakuwa wa Josiah, karani ameandika waziwazi, mwanaharamu. Mimi nikiwa nimepakata sahani ya viazi nikajibu, loo, pole yake, nikaendelea kula. Niliona ni jambo la watu waliokufa. Sikuiomba karatasi niione, kwa nini niiombe, wewe ndiye uliyekuwa na miwani.

Sasa tuifikie ile chai ya mazishi ya Len, mume wa Beryl. Mimi sikuwepo, nilikuwa hospitali nimelazwa kwa mara ya kwanza na haya mapafu, bomba puani, na ninyi mlishaanza kuninunulia maua. Craig ndiye aliyenisimulia. Beryl alikuja mezani penu na mkate wake wa nyama ya nguruwe mkononi, akauliza kwa upole tu, kwamba Len amezikwa kwa watu wake na kule hapana nafasi tena, na je, siku yake ikifika, angeweza kuwekwa kilimani na babu yake Amos. Na wewe Lorna, ambaye baba yako yuko kitandani anakoroma kama pampu mbovu, ulisikia mtu anaomba kitanda cha baba yako kabla baba hajakilalia. Nakuelewa. Nisikie vizuri hapa: nakuelewa. Ulinipigania mimi. Ulitaka uwe na mahali pa kuja na maua Jumapili na kunigombeza. Ukatoa karatasi kwenye mkoba, ukamwambia mbele ya watu, shangazi, samahani, lakini babu yako hakuwa Staniforth, aliingizwa mle kwa huruma.

Craig anasema Beryl alisoma karatasi ile mpaka chini, akairudisha, akakusogezea na sahani ya keki. Akasema, "Sawa, mpenzi. Mzee wa watu amelala mle zaidi ya miaka mia, na hakuna hata mmoja aliyemgongea kumwambia ahame." Akachukua koti lake. Keki ya Krismasi haikuja tena, nami tangu nirudi kutoka hospitali nimempigia simu mara nyingi, naye hunijibu vizuri, huniuliza mapafu, huniuliza hali ya hewa upande wetu, kana kwamba upande wetu wa bonde una hali ya hewa yake, lakini hapa hakanyagi.

Nipe maji, Craig. Kidogo. Ahsante.

Sasa wiki iliyopita Craig alikuwa anasafisha banda la uani, kila kitu anakileta dirishani anauliza, hiki tunatupa? Jiliwa la kubania chuma, hapana. Koleo lisilo na mkono mmoja, hapana. Akaja na fungu la tupa zangu za melini, anazisoma moja moja kama mwalimu anayeita majina, kwa kuwa Craig hawezi kupanga kitu bila kukisoma. Hii imeandikwa laini. Hii imeandikwa ya pili. Kisha akaigeuza moja kwenye mwanga, akasema, baba, hii imepigwa muhuri haramu.

Nikamwambia bila hata kufungua macho, ndiyo, ni tupa haramu, irudishe kwenye sanduku, ni nzuri hiyo.

Halafu nikafungua macho.

Wanangu, tupa ile nimeishika ujana wangu wote na uzee wangu. Nimeinolea mashine bandari ambazo hata sizikumbuki majina. Nimewaagiza vijana, niletee ile haramu, nao wakaniletea, na mara moja kijana mgeni akamwendea mpishi aliyekuwa hapendwi, akamwambia fundi anakuita. Tupa ya meno makubwa ndiyo ya kukwaruza. Tupa ya meno madogo ndiyo ya kulainisha. Na ile ya katikati, isiyokubaliwa na ukoo wa wakwaruzaji wala ukoo wa walainishaji, mafundi wa zamani wenye midomo michafu kama yangu waliipa jina la mtoto wa nje ya ndoa, na jina limekaa mpaka leo dukani, hakuna anayeona haya kuliagiza. Mimi nililijua hilo kuliko ninavyojua jina la daktari wangu. Na mwanangu aliponiambia kwenye simu kwamba Amos mkata tupa ameandikwa haramu, nikasema pole yake na kuendelea na viazi. Mji mzima huu umejengwa juu ya tupa na visu, Lorna, na ukoo mzima wa mafundi umekaa chai ya mazishi, na hakuna aliyeisikia kazi ndani ya lile tusi. Nadhani ni sisi peke yetu duniani tungeweza kukosea hivyo.

Nilimtuma Craig akaichukue karatasi yako kwenye droo, unisamehe. Tukaisoma pamoja. Neno halikuandikwa pale wanapoandika huyu ni nani wa mwenye nyumba. Pale pameandikwa mwana, kwa Enoch, na kwa Amos vivyo hivyo. Haramu imeandikwa kule mbali, kwenye safu ya kazi. Enoch ni mkata tupa. Amos ni mkata tupa, za haramu. Basi. Ndiyo habari yote.

Usilie bado, nitakapofika mwisho sitakuwa na nguvu za kukubembeleza.

Hebu mwone kama ninavyomwona mimi nikilala hapa usiku bila usingizi. Karani amesimama mlangoni na kalamu, viatu vimelowa, nyumba zote za uani ni wakata tupa, hana la kuuliza tena. Josiah anajibu kwa wote, kwa kuwa baba ndiye anayejibu. Na huyu kijana wa miaka kumi na saba ananyoosha shingo nyuma ya baba yake. Mtoto wa kazi ile alianzia tupa ndogondogo pamoja na wanawake. Ile ya kati ilitaka nyundo nzito na mkono wa mtu mzima, na nadhani ndiyo kwanza amepewa. Anasema, niandikie haramu, bwana, mimi nakata za haramu. Karani anaandika. Alijisifu, Lorna. Ni mara pekee maishani mwake aliyoulizwa na serikali yeye ni nani, na alijibu kwa majivuno, nasi tukaja baada ya miaka mia na zaidi tukamfukuza kaburini kwa jibu lake.

Na mle kaburini aliingia mapema kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Walikuwa wanalaza chuma juu ya kitanda cha risasi, ile metali laini yenye sumu, ili upande uliokwisha kukatwa usiharibike, wanaegemea juu yake kutwa, wanalamba kidole, wanashika tindo, wanalamba tena, na mkate wanaula kwa vidole vile vile. Risasi ikaingia tumboni, ikaingia mikononi, viganja vikaning'inia kama glovu zilizoanikwa. Amos alikufa hawezi kushika kijiko. Mimi nimevuta vumbi la mabomba ya meli, yeye alilamba risasi. Kila mtu katika ukoo huu amekula kazi yake mpaka ikamla. Sasa niambie nani wa damu na nani si wa damu.

Na Keziah, mahali pake pamekaa patupu. Baba yangu alisimuliwa na Enoch kwamba mama yao alikata tupa ndogo dirishani tangu asubuhi, mtoto mchanga kwenye kikapu, akikisukuma kwa mguu. Karani hakumwuliza. Kwa hiyo mkisoma zile karatasi, na wewe Lorna uendelee kuzisoma, sikukatazi, someni na mahali patupu. Na mkikuta neno linalowashtua, kabla ya kulipeleka kwenye chai ya watu, liulizeni lilikuwa linafanya kazi gani.

Haya. Nachoka. Nafanya haraka.

Mimi nichomeni. Mpeleke majivu yangu kule milimani juu ya miamba, mahali tulipommwaga mama yenu, na safari hii simameni upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu mara ile nusu ya mama yenu ilirudi kwenye koti langu na nikalivaa hivyo hivyo mpaka Mei, wala sijutii. Lorna, najua ulitaka kaburi la kuja Jumapili. Utakuwa nalo, mwanangu. Nenda kilimani kwa Beryl siku atakapokuwapo, ukamgombeze yeye, amekuzoea. Mimi utanipata ukipanda mlima, na mazoezi hayatakudhuru.

Cheti cha kaburi nimeshakitia sahihi, kiko chini ya redio, kina jina lake. Lakini Beryl hatakipokea kwangu. Namjua. Akiletewa na Craig atatengeneza chai, atashukuru, atakirudisha kwa posta. Neno lile lilitoka kinywani mwako, kipenzi changu, na ni wewe tu unayeweza kwenda kulichukua. Usiandae hotuba. Hotuba zako zina karatasi ndani. Mpelekee ile tupa, Craig ameshaifuta mafuta, iko kwenye taulo pale mezani. Mpe mkononi. Mwache asome muhuri mwenyewe. Baba yake alikuwa fundi na mumewe alikuwa fundi, itamfikia kabla hujafungua mdomo. Kisha mwambie samahani, hiyo tu, na kama atakupa keki, uile.

Kwenye jiwe, chini ya jina la Amos, muongeze kazi yake. Iandikeni kama alivyoitaja, neno lote, mchonga mawe akisita mwambieni ni matakwa ya familia. Na chini ya Keziah andikeni mkata tupa. Hakuna aliyemwuliza, basi tumjibie sisi.

Fungua dirisha... hapana, acha, baridi.

Nini hiyo? Funguo za gari? Leo hii? Sikusema leo. Ila nenda, nenda, mwanangu, bonde lina foleni jioni. Vaa koti. Na umwambie... umwambie kwamba mapafu yangu ni yale yale na hali ya hewa upande wetu ni nzuri, aje aione.

Subiri hapo mlangoni kidogo. Nikubariki ukiwa umesimama, kwa kuwa ukirudi huenda nikawa... nimelala. Lorna. Mwenyezi Mungu akufanye mtu wa kati. Usiwe mkali kiasi cha kumchuna mtu, usiwe laini kiasi kwamba hufanyi kazi yoyote. Meno yako yakae yote. Mkono utakaokushika ukushike vizuri. Na unapoitwa jina baya, liwe ni kazi tu.

Na wewe Craig...

Maji, hapana. Sogea. Nimechoka kurudia, kama yule karani.

Wewe Craig, vivyo hivyo.

Na Beryl, akija... vivyo hivyo.